Seli Ambazo Sikuzichora

Kwa miaka mingi nilichora ubaoni picha ile ile ya seli ya neva. Nilianza na mwili wa seli, wenye ncha ncha kama nyota, na kiini chake ndani. Kutoka hapo nilichora matawi mafupi yanayopokea habari, na upande wa pili mkia mrefu uitwao aksoni, ambao huzipeleka habari hizo mbele. Chini ya picha niliandika aina tatu ambazo kila mwanafunzi alitakiwa azijue kwa moyo: neva za hisi, ziletazo habari kutoka katika ngozi, macho na masikio, neva za mwendo, zipelekazo amri kwenye misuli, na neva za kati, ziunganishazo hizo mbili ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Mfano wangu ulikuwa mmoja siku zote. Mtu akishika sufuria ya moto, nilisema, mkono huondoka kabla mwenyewe hajafikiri. Habari hufika kwenye uti wa mgongo, amri hurudi kwenye misuli, na ubongo huarifiwa baadaye kama mzee wa kaya anayeambiwa mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Wanafunzi walicheka, wakanakili, mtihani ulipokuja wakafaulu.

Picha ile haikuwa na uongo. Ilikuwa na upungufu, na upungufu ule ulikuwa na gharama yake, ambayo haikulipwa na mimi. Ndiyo sababu nimeona nisimulie hapa jinsi binadamu walivyozifahamu seli za neva, pamoja na jinsi mimi mwenyewe nilivyochelewa kuzifahamu.

Nianze na utoto wangu. Katika kijiji chetu, Singida vijijini, miaka ya 1950, aliishi mzee mmoja mwenye ukoma. Kibanda chake kilikuwa mbali, nje ya uzio wa mifugo, karibu na mawe makubwa ambayo sisi watoto tulikatazwa kuyapanda. Chakula chake, ugali wa uwele na mlenda, kiliwekwa juu ya jiwe katika kibuyu kilichovunjika, naye alikuja kukichukua baada ya aliyekileta kuondoka. Mikono yake ilikuwa imebaki viganja tu. Tulipomwuliza bibi vidole vyake vimekwenda wapi, alitujibu kwamba panya huja usiku na kuvila, na yeye hajui mpaka kunapokucha. Tuliogopa sana. Nilipokuwa mtu mzima na mwalimu wa sayansi nililicheka jibu hilo mara nyingi, nikilihesabu miongoni mwa hadithi za kutishia watoto. Nilijiambia kuwa ukoma ni ugonjwa wa ngozi, na kwamba unaozesha nyama ya vidole mpaka ikaanguka. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Niliona tu kwamba ndivyo ilivyo, na nikaamini.

Sasa nije mwaka 1979. Nilikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, na mwanachuo mmoja, kijana mpole asiye na maneno mengi, alikuwa katika zamu ya jikoni. Siku hiyo sufuria kubwa ya uji ilianza kuinama juu ya mafiga. Wenzake waliruka nyuma. Yeye aliishika kwa mikono mitupu, akaituliza chini bila haraka. Chuo kizima kilimsifu. Walimpa jina la utani la chuma, nami nikalisema jambo hilo gwarideni kama mfano wa ushupavu. Siku chache baadaye nilimwona amefunga kitambaa kiganjani, na nilipomwuliza akasema ni malengelenge tu, hayaumi. Naomba msomaji aliangalie neno hilo. Kijana ameungua mpaka ngozi imevimba maji, anasema hayaumi, na anayemsikiliza ni mtu yule yule anayefundisha neva za hisi kwa mfano wa sufuria ya moto.

Mwaka uliofuata nilikwenda kumkagua katika mazoezi ya kufundisha. Chaki ilimponyoka mara tatu katika kipindi kimoja. Mwandiko wake ubaoni ulipanda na kushuka, na kidole chake kidogo na kile cha pili yake vilikuwa vimejikunja, nami nikadhani ni mkao wa madaha. Niliandika katika fomu kwamba hana maandalizi na ni mzembe katika matumizi ya ubao. Alama nilizompa hazikutosha kumvusha. Aliondoka chuoni kimya kimya, na kwa miaka saba sikumfikiria tena.

Niyaache hayo kwanza, nirudi nyuma zaidi, Ulaya ya karne ya 19. Mwaka 1839 Mjerumani Theodor Schwann alitoa kitabu kilichodai kwamba miili ya wanyama wote imejengwa kwa seli, kama ilivyo mimea. Katika kuchunguza neva kwa hadubini aliona seli fulani zilizojipanga kando ya nyuzi za neva, zikizizunguka kama nguo. Seli hizo leo zinaitwa kwa jina lake. Mwaka 1856 Mjerumani mwingine, Rudolf Virchow, aliupa jina mchanganyiko wa vitu vinavyojaza nafasi kati ya neva ndani ya ubongo. Aliuita glia, neno la Kigiriki lenye maana ya gundi. Jina hilo lilileta hasara, kwa maana kitu kikishaitwa gundi hakuna anayeuliza tena kina kazi gani. Kwa muda mrefu wataalamu waliiheshimu neva, na glia wakaiona kama matope yanayoshika matofali.

Shida ya wakati ule ilikuwa kuona. Ubongo ukikatwa vipande vyembamba na kuwekwa chini ya hadubini, nyuzi zake ni nyingi na zimeshikana kama mizizi ya nyasi. Huwezi kujua huu umetoka wapi na ule unakwenda wapi. Mwaka 1873 Mwitalia Camillo Golgi, akiwa daktari katika hospitali ya wagonjwa wasiotazamiwa kupona katika mji wa Abbiategrasso, alifanya majaribio yake katika jiko alilolifanya maabara. Alikausha vipande vya ubongo katika dawa ya kromiamu, kisha akavitia katika nitrati ya fedha. Zikatokea seli chache tu zenye rangi nyeusi kabisa, kila moja na matawi yake yote, juu ya uwanja wa manjano. Kuchukua rangi kwa seli chache tu ndiko kulikokuwa neema ya njia hiyo, kwa kuwa kama zote zingeshika rangi pasingeonekana kitu.

Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliiona njia hiyo mwaka 1887, akaitumia kwa bidii, na mwaka uliofuata akaanza kutangaza kwamba kila seli ya neva imekamilika peke yake: zinakaribiana bila kuungana kama wavu. Golgi alikataa, yeye aliona wavu mmoja. Mwaka 1891 Wilhelm Waldeyer aliipa seli hiyo jina la nyuroni. Mwaka 1906 Golgi na Cajal waligawana Tuzo ya Nobel, na Golgi aliitumia hotuba yake kuyapinga yale ambayo mwenzake alikuwa anatuzwa kwa ajili yake. Historia ilimpa haki Cajal. Lakini nikikumbuka fomu yangu ya ukaguzi ninamhurumia Golgi pia. Mtu anaweza kuwa na chombo bora kuliko wote cha kuonea, na bado akaona anachotazamia.

Kazi ya kuigawa gundi ya Virchow katika aina zake iliendelea hadi karne ya 20. Mwanafunzi wa Cajal, Pío del Río-Hortega, alizitenga mwaka 1919 seli ndogo ziitwazo mikroglia, ambazo ni askari na wazoataka wa ubongo: hufuata wadudu wa maradhi na mabaki ya seli zilizokufa na kuyala. Baada yake akazieleza oligodendrosaiti, ambazo huzizungushia aksoni za ndani ya ubongo na uti wa mgongo tabaka la mafuta liitwalo mayelini. Zipo pia astrosaiti, zenye umbo la nyota, zinazosimamia chakula cha nyuroni na usafi wa mazingira yake. Nje ya ubongo na uti wa mgongo, yaani katika neva za mikono, miguu na uso, kazi ya kuvika hufanywa na seli za Schwann. Palipo na mayelini habari hurukaruka na huweza kwenda kasi ya mita 100 kwa sekunde. Katika nyuzi nyembamba zisizo na vazi hilo, zikiwemo nyingi za maumivu na joto, huenda mwendo wa mtu anayetembea. Ndiyo maana ukijikwaa unahisi kwanza kwamba umegonga kitu, na uchungu unafuata.

Nilifundisha pia, kwa kufuata vitabu, kwamba seli za glia ni mara 10 ya nyuroni. Mwaka 2009 wanasayansi wa Brazili, miongoni mwao Suzana Herculano-Houzel, walitoa hesabu mpya: ubongo wa binadamu una nyuroni zipatazo bilioni 86, na seli zisizo nyuroni idadi inayokaribia hiyo hiyo. Basi hata tarakimu niliyoitoza wanafunzi alama haikuwa kweli.

Mwaka ule ule wa 1873 ambao Golgi aliutia ubongo rangi nyeusi, daktari wa Norwei, Gerhard Armauer Hansen, aliona katika vipande vya nyama ya wagonjwa wa ukoma mjini Bergen vijidudu vyenye umbo la fimbo. Wakati huo wakubwa wa taaluma hiyo nchini mwake waliushikilia ukoma kuwa ugonjwa wa kurithi. Hansen alisema una chanzo chake, na chanzo hicho ni bakteria. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuonyesha bakteria kama chanzo cha ugonjwa sugu wa binadamu. Hata hivyo, katika hamu ya kuthibitisha, mwaka 1879 alimchoma mwanamke mgonjwa jichoni kwa kitu chenye vijidudu hivyo bila idhini yake. Mwanamke yule alishtaki, Hansen akahukumiwa, na akaondolewa katika udaktari wa hospitali ile. Sayansi yake ilikuwa sahihi, na mwanamke yule alikuwa na haki. Yote mawili ni kweli.

Sasa, bakteria huyo anapenda kukaa wapi? Anapenda seli za Schwann. Hupenda pia ubaridi, kwa hiyo huzitafuta neva zinazopita karibu na ngozi. Moja hupita nyuma ya kiwiko. Ni ile ambayo ukigonga kiwiko mahali pake unasikia kama umeme mpaka kwenye kidole kidogo. Nyingine hupita kando ya goti, nyingine usoni. Bakteria huingia katika seli ile inayoivika na kuilea neva, akazaana polepole kuliko bakteria karibu wote tunaowajua, akigawanyika mara moja katika wiki mbili hivi. Miaka hupita. Kisha askari wa mwili huja kupigana naye, neva huvimba ndani ya ala yake nyembamba, hukosa nafasi, hubanwa, na hufa. Ngozi hupata baka jepesi lisilosikia kitu. Hisi ya joto na maumivu aghalabu hutangulia kupotea. Misuli hulegea na vidole kujikunja. Vidole haviozi kwa ukoma. Huungua, hukatwa, huchomwa na miiba, hupata vidonda ambavyo mwenyewe havihisi, na vidonda hivyo huingia uchafu, mfupa hupungua kidogo kidogo.

Jambo hili lilielezwa vizuri na daktari Mwingereza Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia mwaka 1946. Alifuatilia kidonda kimoja kimoja na kuuliza kimetoka wapi: mpini wa jembe, kiatu kinachobana, sigara iliyoachwa ikiwaka vidoleni, kufuli iliyokaza. Lakini kulikuwa na wagonjwa walioamka asubuhi wamepungukiwa sehemu ya kidole. Walipokeshwa wakiangaliwa, ikaonekana panya wanakuja usiku na kuvitafuna vidole visivyohisi. Dawa yake ilikuwa paka. Nilipoyasoma hayo nilikuwa nimekwisha kupita umri wa miaka 40. Nilifunga kitabu nikatoka nje, nikamkumbuka bibi yangu, ambaye hakujua kusoma. Alikuwa amesema kweli tupu, nami mwenye cheti ndiye niliyekuwa na hadithi.

Ukoma una alama zake katika mkoa wetu. Iambi, ambayo leo imo katika Wilaya ya Mkalama, palikuwa na makazi ya wagonjwa wa ukoma chini ya wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani. Sukamahela, Wilaya ya Manyoni, ni jina ambalo wengi wetu tulilisikia kwa muda mrefu kama mahali pa wazee na wasiojiweza, wakiwemo waliougua ukoma. Katika nchi jirani vituo vya namna hiyo vilianzishwa pia, kama Buluba na Kumi huko Uganda. Watu walikwenda huko kwa dawa, lakini pia kwa sababu nyumbani hapakuwa na jiko la kukaa nao.

Dawa ya kweli ilianza kuenea baada ya Vita Kuu ya Pili, ilipopatikana dapsoni. Ilisaidia sana, ila ilimezwa miaka na miaka, na bakteria wakaanza kuizoea. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma kwa pamoja. Mwaka 1981 jopo la Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa zichanganywe: dapsoni, rifampisini na klofazimini. Muda wa tiba ulishuka kutoka miaka mingi hadi miezi 6 au 12 kama ilivyo leo, na mgonjwa aliyekwisha kuanza dawa haambukizi tena. Mwaka 2006 nchi yetu ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000, ingawa zipo wilaya zilizobaki juu ya hapo. Isitoshe, watu walio wengi sana, yapata 95 katika kila 100, wana kinga ya asili na hawaupati ugonjwa huu hata wakikutana nao. Jiwe lile la kibuyu kilichovunjika halikuwa na lazima yoyote.

Lakini dawa huua bakteria. Haifufui neva iliyokwisha kufa. Hapa ndipo hesabu yangu inapokuwa nzito. Neva ya mkono ikijeruhiwa kidogo, seli za Schwann huweza kuiongoza ikue upya, kama milimita moja kwa siku. Ikifa pamoja na walezi wake, basi. Kwa hiyo katika ukoma kila kitu ni mapema au kuchelewa.

Mwaka 1987 nilishuka basi Singida mjini, mtu akanisalimu, "Shikamoo Mwalimu." Nikaitikia marahaba kabla sijamtambua. Alikuwa yeye. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja, na kile kidogo kilikuwa kimepungua ncha. Alinieleza bila lawama kwamba alipata matibabu, amepona, ana mke na watoto, analima alizeti na anasimamia mizani ya mazao ya kijiji. Tuliagiza chai. Akashika kikombe kwa kitambaa alichokikunja mara mbili, akakigusisha kwanza shavuni kupima joto lake. Ndivyo alivyofundishwa hospitalini.

Nikamwuliza aligundua lini. Akasema daktari naye alimwuliza hivyo hivyo, ni lini mkono ulianza kufa ganzi, naye akajibu: "Siku ya ile sufuria ya uji, ndiyo nilijua mkono si wangu. Lakini mlinipongeza wote, Mwalimu, nikaona haya kusema." Alikwenda hospitali miaka miwili na nusu baada ya siku ile. Daktari alimwambia kuwa angekuja mapema, mkono ungeokoka.

Nilimwomba radhi kwa ile fomu. Akanijibu kuwa ualimu haukuwa riziki yake, na akabadili mazungumzo kwa kuniuliza habari za mvua upande wetu. Sikujua kama amenisamehe au amenisitiri tu. Mpaka leo sijui, na amekwisha kutangulia mbele ya haki.

Mhula uliofuata nilichora ubaoni picha ile ya zamani, kisha kuzunguka aksoni nikachora zile seli ambazo sikuwa nimezichora, moja baada ya moja, kama shanga katika uzi. Nikawaambia wanachuo: hawa ni walezi, wakiugua, yule mwenye sifa hawezi kitu. Kisha nikatoa unyoya wa kuku. Nikamwita mmoja mbele, nikamwambia afumbe macho, na kila ninapomgusa mkononi aonyeshe kwa kidole mahali nilipomgusa. Niliwaeleza kwamba mtoto mwenye baka jepesi ambaye hasikii unyoya apelekwe zahanati wiki ile ile, na kwamba mtoto anayeungua bila kulia hana ushujaa wowote, ana haja ya kuangaliwa.

Somo hilo nililifundisha kila mwaka mpaka nilipostaafu. Halikuwemo katika muhtasari, na hakuna mtihani uliowahi kuliuliza. Unyoya nilikuwa nikiokota uani asubuhi ya siku ya somo, maana Singida kuku hawakosekani.